Jim Thorpe: Alitesa Olimpiki na njumu zisizofanana, wakampokonya medali, na hata akishakufa hawakumwacha apumzike

Kama wewe ni mtu wa kukesha Super Bowl kila Februari, ile saa nane na nusu usiku, mathe amelala na umepunguza sauti ya simu isisikike sebuleni, basi kuna jina unafaa kulijua kabla ya Tom Brady na kabla ya Patrick Mahomes. Hilo jina ni Jim Thorpe. Kama wewe ni wa raga na ulimfuatilia Daniel Adongo alipotoka kwa raga akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, pia wewe stori hii inakuhusu. Na kama hujui chochote kuhusu futiboli ya Kimarekani, bado kaa hapa. Hii si stori ya mpira pekee. Ni stori ya msee aliyekuwa na kipaji ambacho dunia haikuwa imeona, halafu wenye suti wakaamua hakifai kuwa chake.

Tuanze na siku yake ya kuzaliwa, juu hata hiyo ina utata. Rekodi ya ubatizo inasema 22 Mei 1887. Yeye mwenyewe alikuwa anasema 28 Mei 1888. Kwa hivyo kila mwezi wa tano ukifika, mashabiki wa NFL humkumbuka mara mbili. Si vibaya kwa mtu ambaye kuna wakati walijaribu kufuta jina lake kabisa.

Mtoi wa Oklahoma

Jim alizaliwa karibu na mji unaoitwa Prague, Oklahoma. Wakati huo Oklahoma haikuwa hata jimbo. Ilikuwa eneo ambalo serikali ya Marekani iliwasukumia Wamarekani asilia baada ya kuchukua mashamba yao kwingine. Familia yake ilikuwa ya taifa la Sac and Fox. Fathe yake, Hiram, alikuwa na damu ya Kiayalandi, na mathe yake, Charlotte, alikuwa na damu ya Kifaransa na ya Wapotawatomi. Jina lake la nyumbani lilikuwa Wa-Tho-Huk, na maana yake ni kama njia inayoangazwa na radi. Kwa Kizungu wakalifupisha likawa Njia Angavu.

Alizaliwa pacha. Ndugu yake aliitwa Charlie, na walikuwa hawaachani. Kuwinda pamoja, kuogelea pamoja, shule pamoja. Lakini Charlie alishikwa na nimonia wakiwa na miaka kama tisa hivi, akafa. Kama umewahi kufiwa na mtu mliyekuwa mnalala kitanda kimoja, unajua shimo hilo halijai. Tangu hapo Jim akaanza kutoroka shule. Wanamrudisha, anatoroka. Wakaona wampeleke mbali, shule ya Haskell huko Kansas. Akaskia fathe yake ameumia, akatoka mbio akarudi nyumbani. Baadaye mathe yake pia akafa, kwa matatizo ya uzazi.

Mwaka 1904, akiwa na miaka kama 16, akapelekwa Carlisle, Pennsylvania. Hajakaa sana huko, fathe naye akafa. Sasa cheki hesabu: pacha hayuko, mathe hayuko, buda hayuko, na yeye yuko bweni, mbali na kwao kuliko alivyowahi kuwa.

Shule ya kunyoa nywele

Hapa lazima nikueleze Carlisle ilikuwa ni nini, juu bila hiyo hutaelewa mengine. Ilianzishwa mwaka 1879 na mwanajeshi mmoja, Richard Henry Pratt. Kazi yake ilikuwa kuchukua watoi wa Wamarekani asilia na kuwageuza wawe kama wazungu. Ukifika, unanyolewa. Nguo zako za kwenu zinachukuliwa. Jina lako linabadilishwa. Lugha yenu ukiongea, unaadhibiwa. Kama wazazi wako walikupigia stori ya ile disk walikuwa wanavaa shingoni shuleni juu ya kuongea lugha ya mama, basi unaelewa. Tofauti ni kwamba hawa walikuwa wanachukuliwa wakiwa wadogo na wengine walikaa miaka bila kuona kwao. Kuna makaburi ya watoto Carlisle mpaka leo.

Jioni wakitoka darasani, wanafunzi walikuwa wanafunzwa kazi za mikono, na mara nyingine wanatumwa kufanya kibarua kwa mashamba ya wazungu. Jim alisotea huko sana. Hakuna mtu alikuwa anajua ana nini miguuni.

Mpaka siku moja mwaka 1907. Alikuwa anapita karibu na uwanja akiwa na ovaroli ya kazi, akapata wasee wa riadha wanajaribu kuruka juu na wanashindwa. Upau ulikuwa umewekwa kama mita 1.75. Jim akaomba naye ajaribu. Wakacheka. Akaruka na hiyo ovaroli yake, akapita, akaendelea na safari yake. Kesho yake kocha akamwita ofisini.

Kocha huyo alikuwa Glenn Warner, ambaye watu walimwita Pop. Weka hilo jina kando, litarudi.

Pop Warner alitaka Jim abaki kwa riadha. Hakutaka akose mguu kwa futiboli, juu huo mchezo wakati huo ulikuwa wa kuumizana kweli kweli. Lakini Jim aliomba na kuomba, mpaka kocha akachoka, akampa mpira akamwambia akimbie katikati ya timu nzima wamwangushe, ili apate adabu. Jim akakimbia. Hakuna aliyemwangusha. Akaambiwa arudie, akapita tena. Hapo mambo yakaisha, akawa mchezaji.

Kuwapiga Harvard, halafu kuwapiga jeshi

Mwaka 1911 Carlisle walienda kucheza na Harvard. Harvard wakati huo walikuwa ni kama wafalme wa futiboli ya vyuo. Carlisle ilikuwa shule ndogo ya watoto walionyang'anywa kwao. Jim alikuwa ameumia mguu na amefungwa bandeji. Bado alipiga mikwaju 4 iliyopita katikati ya milingoti, na mechi ikaisha 18 kwa 15. Carlisle walishinda. Magazeti yote yakapata stori.

Halafu Novemba 1912 wakaenda West Point kucheza na timu ya Army, yaani wanafunzi wa chuo cha jeshi la Marekani. Fikiria hapo kidogo. Mauaji ya Wounded Knee, ambapo jeshi liliwaua Walakota wengi wakiwemo wamama na watoto, yalikuwa yametokea mwaka 1890. Ni miaka 22 tu ilikuwa imepita. Wajukuu wa waliopigwa risasi sasa wako uwanjani na wanaofunzwa kuwa makamanda. Hakuna bunduki, kuna mpira tu na sheria moja kwa wote.

Carlisle walishinda 27 kwa 6.

Kati ya vijana wa Army waliokuwa wanajaribu kumkaba Jim siku hiyo, mmoja alikuwa anaitwa Dwight Eisenhower. Ndiyo, yule yule aliyekuja kuwa jenerali wa Vita vya Pili vya Dunia na baadaye rais wa Marekani. Alijaribu kumwangusha Jim Thorpe, na yeye ndiye aliyeumia.

Na ili ujue huyu jamaa hakuwa mtu wa kawaida, mwaka huo huo wa 1912 alishinda pia shindano la densi la vyuo. Ile densi ya kushikana, suti na viatu vimeng'aa. Mtu wa kila kitu.

Stockholm na njumu mbili tofauti

Lakini kabla ya hiyo mechi ya Army, kulikuwa na Olimpiki. Julai 1912, Stockholm, Sweden.

Jim alipelekwa kwa mashindano mawili ambayo yanaua watu: pentathloni, ambayo ni michezo 5, na dekathloni, ambayo ni michezo 10. Pentathloni ilikuwa kuruka mbali, kurusha mkuki, mbio za mita 200, kurusha kisahani na mbio za mita 1,500. Jim alishinda minne kati ya hiyo mitano. Ule mmoja aliokosa ni mkuki, mchezo ambao alikuwa ameanza kuujifunza juzi tu, na bado akamaliza wa tatu. Aliyefuata, Ferdinand Bie wa Norway, hakuwa karibu.

Siku chache baadaye ikaja dekathloni, na hapa ndipo ile stori ya njumu inaingia. Asubuhi moja ya mashindano, Jim akatafuta viatu vyake akakosa. Mtu alikuwa ameiba. Kumbuka hii ni Olimpiki, si mechi ya mtaa. Wakaanza kumtafutia. Kimoja kikapatikana kwa mwenzake, kingine inasemekana kilitolewa kwa pipa la taka. Havikuwa vya namba moja, na kimoja kilikuwa kikubwa kiasi cha kwamba ilibidi avae soksi zaidi ili kisivuke mguuni. Kuna picha yake, unaweza kuitafuta. Amesimama hapo, mikono kiunoni, mguu mmoja soksi hivi na mwingine vile, na uso wa mtu ambaye ana kazi ya kufanya.

Akaenda akaifanya. Alimaliza mita 1,500, mchezo wa mwisho ambao wengine hufika wakiwa wamekwisha, kwa dakika 4 na sekunde 40. Alipata jumla ya alama 8,412 kwa hesabu ya wakati huo, akamwacha Hugo Wieslander wa Sweden nyuma kwa karibu alama 700. Medali ya pili ya dhahabu. Katikati ya hayo yote alishiriki pia kuruka juu akawa wa nne, na kuruka mbali akawa wa saba.

Mfalme Gustav wa Tano wa Sweden ndiye alimpa zawadi, na inasimuliwa alimwambia kwamba yeye ndiye mwanamichezo bora duniani, naye Jim akamshukuru kwa maneno mafupi kama mtu aliyepewa chenji dukani. Aliporudi Marekani, watu wakajaa barabara ya Broadway, New York, karatasi zikimwagwa kutoka madirishani.

Sasa skiza hii. Wakati anapigiwa makofi hivyo, Wamarekani asilia wengi hawakuwa wanatambuliwa kama raia wa Marekani. Sheria ya kuwapa wote uraia ilipitishwa mwaka 1924. Yaani walikuwa wanasherehekea mtu aliyewaletea dhahabu, na watu wake hawahesabiwi.

Januari 1913, mambo yakaharibika

Miezi sita hivi baada ya Stockholm, gazeti moja la Worcester, Massachusetts likaandika kwamba Jim Thorpe aliwahi kulipwa kucheza besiboli.

Ilikuwa ukweli. Mwaka 1909 na 1910, wakati wa likizo, alikuwa ameenda North Carolina akacheza kwa timu ndogo za huko, kuanzia na ya mji wa Rocky Mount. Alilipwa pesa kidogo tu, ya kula na kulala. Shida ni kwamba Olimpiki wakati huo ilikuwa ya watu wa ridhaa pekee. Ukishawahi kulipwa kwa mchezo wowote, hata mchezo usiohusiana na ule ulioshinda, huruhusiwi.

Hiyo sheria ukiangalia kwa mbali inaonekana safi. Ukiikaribia unaona ilimfaa nani. Mtoto wa tajiri anaweza kucheza mwaka mzima bila kulipwa, juu fathe yake ndiye anamlisha. Mtoto yatima wa Oklahoma likizo ikifika anafaa kula nini? Na si kwamba Jim alikuwa peke yake. Wanafunzi wengi wa vyuo vikubwa walikuwa wanacheza besiboli ya pesa wakati wa likizo. Tofauti ni kwamba walikuwa wajanja, walitumia majina ya uongo. Jim alitumia jina lake. Hakuona kwamba kuna kitu cha kuficha.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili juu ya karo, na nakuambia ukweli, kuna sheria nyingi sana huku nje ambazo unazijua tu siku umeshazivunja. Wenye wanazijua mapema ni wale ambao kwao kuna mtu wa kuwaambia. Ndiyo maana hii sehemu ya stori ya Jim huniuma kila nikiisoma.

Aliandika barua ya kukiri, akaeleza kwamba alikuwa mwanafunzi tu asiyejua hizo taratibu, na kwamba alicheza juu alipenda mchezo, si juu ya pesa. Wanahistoria wengi wanaamini Pop Warner alihusika kuiandika. Na hapo ndipo lile jina linarudi. Warner alisema hakujua chochote kuhusu besiboli ya Jim. Watu wengi waliochunguza baadaye wanaona ni vigumu kuamini kwamba kocha hakujua mchezaji wake bora alikuwa wapi miaka miwili. Lakini kazi ya kocha ilibaki salama. James Sullivan, bosi wa chama cha michezo ya ridhaa, naye akaosha mikono. Mzigo wote ukaangukia kijana wa miaka 25.

Medali zikachukuliwa. Jina lake likafutwa kwa rekodi.

Sasa hapa ndio utashika kichwa. Sheria za Olimpiki ya 1912 zilisema malalamiko yoyote kuhusu mshiriki lazima yaletwe ndani ya siku 30. Hayo yalikuja baada ya miezi sita. Kwa sheria zao wenyewe, walikuwa wamechelewa. Hakuna aliyejali. Na kuna kitu kingine: Wieslander, aliyepewa dhahabu ya dekathloni, hakuwahi kukubali moyoni kwamba ni yake.

Kuanzisha NFL ndani ya duka la magari

Wengi wangeishia hapo. Jim akaingia besiboli ya kulipwa mwaka huo huo, na New York Giants. Alicheza ligi kuu ya besiboli mpaka 1919, akipitia pia Cincinnati na Boston. Hakuwa nyota huko, lakini msimu wake wa mwisho na Boston alipiga vizuri kabisa.

Futiboli ndiyo ilikuwa nyumbani kwake. Mwaka 1915 timu ya Canton Bulldogs ya Ohio ikamchukua kwa dola 250 kwa mechi. Wakati huo hizo zilikuwa chapaa za kushtua, na watu wakasema mwenye timu amerukwa na akili. Halafu mechi ikafika na maelfu ya watu wakajaa kumwona. Canton wakawa mabingwa mara tatu katika miaka iliyofuata: 1916, 1917 na 1919.

Lakini futiboli ya kulipwa ilikuwa vurugu tupu. Hakuna ligi, wachezaji wanahama timu kila wiki wakifuata doo, ratiba hakuna. Kwa hivyo tarehe 17 Septemba 1920, wenye timu wakakutana Canton, kwa duka la magari la Ralph Hay. Viti havikutosha, wengine wakakaa kwa vikanyagio vya magari. Hapo ndipo walianzisha chama ambacho mwaka 1922 kilibadilishwa jina kikawa NFL. Ndiyo, ligi unayoiona leo ikiwa na mabilioni ya dola ilizaliwa kati ya magari ya kuuza.

Walihitaji jina ambalo kila mtu Marekani analijua, ili watu wawachukue serious. Wakamchagua Jim Thorpe awe rais wa kwanza. Alikuwa rais na bado anacheza. Msimu huo wa kwanza ubingwa ulienda kwa Akron Pros, waliokuwa na Fritz Pollard, mmoja wa wachezaji weusi wa kwanza wa ligi hiyo. Kati ya timu zilizokuwepo mwaka huo, mbili bado ziko hai: Bears wa Chicago na Cardinals, ambao sasa wako Arizona.

Jim hakuwa mtu wa ofisi, na mwaka 1921 akaachia Joe Carr urais. Miaka ya 1922 na 1923 akaongoza timu ya ajabu kuliko zote zilizowahi kucheza NFL: Oorang Indians. Wachezaji wote walikuwa Wamarekani asilia. Makao yake yalikuwa LaRue, Ohio, kijiji cha watu hata hawafiki 1,000. Mwenye timu, Walter Lingo, alikuwa mfugaji wa mbwa, na timu ilikuwa ni tangazo la kuuza mbwa wake. Wakati wa mapumziko, badala ya kupumzika, wachezaji walikuwa wanatoka kufanya maonyesho na hao mbwa na kucheza ngoma za kikwao kwa ajili ya mashabiki. Walishinda mechi 4 tu kwa misimu yote miwili. Ukitumia mapumziko kuonyesha mbwa, utashinda na nguvu gani?

Alicheza mechi yake ya mwisho ya NFL mwaka 1928, na Chicago Cardinals. Alikuwa ameshapita miaka 40.

Kazi ya mjengo

Unajua sasa inakoelekea. Wakati Jim anastaafu, uchumi wa dunia ukaanguka, mwaka 1929. Hakukuwa na pensheni ya wachezaji. Mwanamichezo bora duniani akaingia kwa mjengo, akachimba mitaro. Akawa soja wa kulinda, akawa baunsa, akacheza vipande vidogo kwa filamu za Hollywood, mara nyingi kama Mhindi Mwekundu anayepigwa risasi na kuanguka. Wakati wa vita alifanya kazi kwa meli za mizigo.

Nyumbani pia hakukuwa rahisi. Alioa mara tatu na kupata watoto wanane. Kifungua mimba wake, James mdogo, alikufa akiwa bado mdogo sana, na waliomjua walisema Jim hakurudi kuwa yule yule. Pombe ikaingia. Sisemi hivyo kumchafua. Ukihesabu wote aliowazika, utaelewa.

Mwaka 1932 Olimpiki ilikuja Los Angeles, mji aliokuwa anaishi karibu nao. Hakuwa na pesa ya tiketi. Habari ikatoka kwa magazeti, na makamu wa rais wa Marekani, Charles Curtis, ambaye pia alikuwa na damu ya Wamarekani asilia, akamwalika akae naye. Uwanja wa watu zaidi ya laki moja ulisimama kumpigia makofi. Makofi hayo hayakumlipia kodi ya nyumba.

Mwaka 1950 waandishi wa habari wa shirika la Associated Press walipiga kura kumchagua mwanamichezo bora wa nusu ya kwanza ya karne. Jim akashinda. Mwaka uliofuata akagunduliwa ana saratani ya mdomo. Alitibiwa kwa wodi ya watu wasiojiweza huko Philadelphia, juu hakuwa na kitu, na mke wake akasimama mbele ya waandishi kuomba msaada. Mwaka huo huo wa 1951, filamu kuhusu maisha yake ilikuwa inaonyeshwa kwa kumbi, Burt Lancaster akiigiza kama yeye. Jim alikuwa ameuza haki za stori yake zamani, kwa pesa kidogo. Watu wakalipa kuona maisha yake, yeye yuko wodini bila bili.

Alikufa tarehe 28 Machi 1953, huko Lomita, California, kwa mshtuko wa moyo, ndani ya nyumba ya trela alikokuwa anaishi. Miezi miwili kabla, yule kijana wa Army aliyeshindwa kumwangusha alikuwa ameapishwa kuwa rais.

Kaburi la kuuzwa

Ungedhani basi wangemwacha apumzike. Familia ilimrudisha Oklahoma, na watu wa Sac and Fox wakaanza mazishi ya kimila. Kabla hayajaisha, mke wake wa tatu, Patricia, akaingia na karao na gari la maiti, akauchukua mwili. Alikuwa anatafuta mji utakaokubali kumjengea ukumbusho mkubwa.

Akaupata Pennsylvania. Kulikuwa na miji miwili jirani, Mauch Chunk na East Mauch Chunk, iliyokuwa inakufa baada ya biashara ya makaa ya mawe kuisha. Walihitaji kitu cha kuvuta watalii. Mwaka 1954 miji hiyo ikaungana, ikabadilisha jina, ikawa Jim Thorpe. Na huko ndiko alizikwa, mji ambao hakuwa na uhusiano wowote nao. Chini ya kaburi waliweka udongo kutoka Oklahoma na kutoka Stockholm, kana kwamba udongo unatosha.

Mwanawe Jack akaenda kortini mwaka 2010 akitumia sheria ya kurudisha mabaki ya Wamarekani asilia. Jack akafa 2011 kabla ya hukumu. Ndugu zake wakaendelea. Mwaka 2013 wakashinda, 2014 mahakama ya rufaa ikageuza, na 2015 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiza kesi. Jim bado yuko huko.

Medali zilirudi, pole pole

Watoto wake pia walipigania medali. Mwaka 1982 kamati ya Olimpiki ilikubali kurudisha jina lake, na Januari 1983 familia ikakabidhiwa nakala za medali. Zile za kweli zilikuwa zimeibwa zamani kwa makumbusho. Lakini hata hapo waliandika kwamba yeye ni mshindi pamoja na Bie na Wieslander, kana kwamba walikuwa sare. Mtu aliyeshinda kwa karibu alama 700, sare?

Ilibidi kungoja mpaka Julai 2022, miaka 110 kamili baada ya Stockholm. Familia ya Wieslander na kamati za Sweden na Norway zilikubali, na Jim Thorpe akatangazwa mshindi pekee. Mwaka 2024 akapewa pia nishani ya juu ya rais wa Marekani kwa raia. Huko Canton, mahali ligi ilipozaliwa, ukumbi wa mashujaa wa futiboli ulifunguliwa mwaka 1963, na yeye alikuwa kwa kundi la kwanza kabisa walioingizwa.

Vyote hivyo vilikuja akiwa hayuko. Hicho ndicho kitu naomba ukae nacho. Haki yake ilifika, lakini ilifika kwa wajukuu. Kwa hivyo kama mtaani kwenu kuna msee ana kipaji na anasota, wa mpira, wa riadha, wa ngoma, yeyote yule, usingoje matanga ndio uchangie. Na kama huyo msee ni wewe, soma mkataba kabla ya kusaini, uliza, tafuta mtu anayejua sheria za mchezo, na usiuze stori yako bei ya chai.

Halafu mwezi wa tano ukifika, tarehe 22 ama 28, mtakie Jim siku njema ya kuzaliwa. Chagua yoyote. Zote ni zake.